Nyonga za Chuma: Zinavyosaidia na Zinavyodhuru

Nyonga ni miongoni mwa viungo vinavyobeba mzigo mkubwa kuliko vingine mwilini. Kichwa cha fupa la paja, chenye umbo la tufe, huingia ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno, na nyuso zote mbili zimefunikwa gegedu laini linaloteleza kwa ute wa kiungo. Mtu anapotembea, nyonga moja hupokea mzigo wa karibu mara mbili na nusu ya uzito wa mwili wote; akijikwaa, mzigo huo unaweza kufika mara saba au nane. Mwendo huo hurudiwa karibu mara milioni moja kwa mwaka katika kila mguu. Gegedu likishalika halioti upya, na mfupa ukianza kusagana na mfupa, maumivu hayamwachi mtu hata akiwa amelala.

Ulaya na Marekani, wengi wanaobadilishiwa nyonga ni wazee ambao gegedu lao limelika kwa umri. Afrika Mashariki na Kati picha ni nyingine. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, na ugonjwa huo una tabia ya kuziba mishipa midogo ya damu inayolisha kichwa cha fupa la paja. Mfupa ukikosa damu hufa, kisha hubonyea taratibu chini ya uzito wa mwili. Dawa za jamii ya steroidi zikitumiwa muda mrefu huleta madhara yaleyale, na pombe nyingi vilevile. Malawi, iliyoanzisha daftari la kitaifa la viungo bandia mwaka 2005, ilikuta kwamba kufa kwa kichwa cha fupa la paja ndiyo sababu ya kwanza ya kubadilisha nyonga nchini humo. Ongeza ajali za pikipiki na magari zinazovunja kikombe cha nyonga au shingo ya fupa la paja. Matokeo yake ni kwamba mgonjwa wa huku mara nyingi ni kijana, na kijana atakitumia kifaa chake kwa nguvu zaidi na kwa miaka mingi zaidi kuliko mzee wa miaka 75.

Katika upasuaji wenyewe, daktari hukata kichwa kilichoharibika na kukwangua gegedu lililobaki ndani ya kikombe. Shina la chuma hushindiliwa ndani ya uwazi wa fupa la paja, na juu ya shingo yake hupachikwa tufe. Upande wa kiuno huwekwa kikombe cha chuma, na ndani ya kikombe hicho bitana ambamo tufe litazunguka. Sehemu hizi hushikwa na saruji ya mifupa, ambayo ni plastiki ya akriliki inayogeuka kutoka ujiuji hadi ugumu wa jiwe ndani ya dakika chache, au huachwa bila saruji ili mfupa uote na kujishika wenyewe kwenye uso wa chuma ulioparuzwa makusudi.

Kwa hiyo karibu kila nyonga bandia ina chuma. Tofauti kubwa iko kwenye nyuso mbili zinazosuguana: tufe la chuma juu ya bitana ya plastiki, tufe la seramiki juu ya plastiki, seramiki juu ya seramiki, au chuma juu ya chuma. Mgonjwa anayeambiwa kwamba nyonga za chuma zina sumu, na mwingine anayeambiwa kwamba nyonga ya chuma imemrudisha jirani yake shambani, huenda wote wameambiwa kweli kuhusu vifaa viwili tofauti kabisa.

Metali kuu zinazotumika ni tatu. Chuma cha pua ndicho cha zamani na cha bei nafuu. Bado kinatumika, hasa kwenye mashina yanayofungwa kwa saruji, ila kina nikeli, ambayo baadhi ya watu ngozi zao haziivumilii. Aloi ya kobalti na kromi ni ngumu sana na huweza kung'arishwa mpaka ikaakisi sura ya mtu, ndiyo maana imekuwa ikitengenezewa matufe. Titani ni nyepesi, hujifunika utando mwembamba wa oksidi unaozuia kutu, na mfupa huikubali na kuiotea vizuri kuliko hizo nyingine. Ukakamavu wake ni karibu nusu ya ule wa kobalti na kromi, na hilo lina faida yake. Mfupa ulio hai hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Shina kakamavu kupita kiasi hubeba sehemu kubwa ya mzigo lenyewe, na mfupa wa pembeni, ukiwa hauna kazi, hupungua unene. Hata titani bado ni kakamavu mara kadhaa kuliko mfupa, kwa hiyo tatizo hilo limepunguzwa, halijakwisha. Titani nayo ina udhaifu wake: hukwaruzika upesi. Matufe ya titani yalipojaribiwa zamani yalilika na kuigeuza nyama ya jirani kuwa nyeusi, na tangu hapo titani imebaki kwenye mashina na vikombe.

Faida ya kwanza ya chuma ni nguvu. Seramiki ni ngumu lakini inaweza kupasuka. Plastiki haiwezi kuwa shina. Pembe za ndovu, alizozitumia Themistocles Gluck mjini Berlin mwaka 1891, hazikudumu. Chuma hupinda kidogo bila kuvunjika, huvumilia mamilioni ya hatua, na kinaweza kuchongwa kwa vipimo vya sehemu ndogo ya milimita. Kuvunjika kwa shina la kisasa ni jambo nadra. Mwaka 1938, Philip Wiles wa hospitali ya Middlesex, London, aliwawekea wagonjwa sita nyonga kamili za chuma cha pua, tufe na kikombe vyote vikiwa chuma, vikafungwa kwa skrubu na bolti. Vifaa vile vililegea, lakini wazo lilibaki. Miaka ya 1950 na 1960, George McKee wa Norwich alilichukua na kutengeneza nyonga ya kobalti na kromi, chuma juu ya chuma, iliyowekwa kwa watu wengi.

Aliyebadili mkondo ni John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Lancashire. Hoja yake ilikuwa kwamba nyonga bandia huharibiwa na msuguano, na kwamba tufe dogo la chuma juu ya plastiki inayoteleza lingepunguza msuguano huo. Alianza na Teflon, akawawekea wagonjwa karibu 300, na ndani ya miaka michache plastiki ile ikawa imelika vibaya na kuzusha uvimbe. Mwaka 1962, muuzaji mmoja alileta sampuli ya polithilini nzito, plastiki iliyokuwa ikitengenezewa magurudumu ya meno ya mashine za kufumia nguo. Charnley aliidharau. Fundi wake, Harry Craven, aliiweka kwenye mashine ya kupimia ulikaji wakati bosi wake akiwa safarini, na baada ya wiki tatu ikawa imelika kidogo kuliko Teflon inavyolika kwa siku moja. Charnley alirudi, akatazama, akakubali. Hata hivyo, kabla ya kuitumia kwa watu, alijiwekea chembe za Teflon na za plastiki mpya ndani ya paja lake mwenyewe aone zitafanya nini. Teflon ilifura, nyingine ikatulia. Novemba 1962 alianza kuiweka kwa wagonjwa. Tufe lake la chuma lilikuwa na kipenyo cha milimita 22 na kitu, na ubunifu huo ndio mzazi wa nyonga nyingi zinazowekwa hadi leo.

Kwa mgonjwa, faida ni ya kuonekana kwa macho. Maumivu ya zamani mara nyingi huondoka ndani ya siku chache, yakibaki yale ya kidonda. Wengi husimamishwa siku hiyohiyo au inayofuata, hutembea kwa magongo wiki kadhaa, kisha bila magongo. Mwaka 2019 jarida la The Lancet lilichapisha hesabu zilizotokana na madaftari ya Australia na Finland: takriban nyonga bandia 58 katika kila 100 hudumu miaka 25. Vifaa vya tiba vinavyoweza kujivunia rekodi ya namna hiyo ni vichache.

Tatizo la muundo wa Charnley lilijitokeza taratibu. Bitana ya plastiki, kila tufe lilipozunguka, ilipoteza vumbi lisiloonekana. Chembe za ulinzi za mwili zilijaribu kulimeza vumbi hilo, zikashindwa, na katika kushindwa kwake zikachochea mfupa wa jirani kuyeyuka. Shina lililokuwa limeshikamana likaanza kucheza. Kwa mzee hilo halikuwa balaa kubwa. Kwa mtu wa miaka 40 lilikuwa na maana kwamba atarudi chumba cha upasuaji, na upasuaji wa marudio ni mgumu, huchukua muda, hupoteza damu zaidi, na matokeo yake mara nyingi hayafikii ya kwanza.

Hapo ndipo watu walipokumbuka nyonga za McKee. Baadhi zilikuwa zimekaa mwilini zaidi ya miaka 20, na zilipotolewa zilionekana karibu hazijalika. Hesabu za maabara zilivutia: chuma kilichong'arishwa vizuri kikisuguana na chuma hupoteza ujazo mdogo mno wa metali ukilinganisha na plastiki. Zaidi ya hapo, chuma kinaruhusu ukuta mwembamba, na ukuta mwembamba unaruhusu tufe kubwa lenye ukubwa wa karibu wa asili. Tufe kubwa haliteguki kirahisi. Derek McMinn wa Birmingham alikwenda mbali zaidi: badala ya kukata kichwa cha fupa la paja, alikichonga kidogo na kukivika kofia ya chuma, kisha akaweka kikombe chembamba cha chuma upande wa pili. Nyonga yake iliyoitwa Birmingham Hip Resurfacing ilianza kutumika mwaka 1997. Mfupa mwingi ulibaki salama, na ikiwa siku moja kifaa kingeshindwa, palikuwa na mfupa wa kutosha kuwekea nyonga ya kawaida. Mcheza tenisi Andy Murray aliwekewa nyonga ya aina hiyo London, Januari 2019. Oktoba mwaka huohuo alishinda mashindano ya Antwerp, na aliendelea kucheza hadi Olimpiki ya Paris 2024.

Viwanda havikubaki nyuma. Kufikia katikati ya miaka ya 2000, karibu theluthi moja ya nyonga zilizowekwa Marekani zilikuwa za chuma juu ya chuma. Miongoni mwa vifaa hivyo ni ASR ya DePuy, kampuni iliyo chini ya Johnson & Johnson, kilichoanza kuuzwa mwaka 2003 nje ya Marekani, na miaka miwili baadaye kikaingia Marekani kikiwa na shina. Sheria ya huko iliruhusu kifaa kuuzwa bila majaribio kwa wagonjwa kama kinafanana vya kutosha na kingine kilichokwisha kuruhusiwa. Watafiti walioufuatilia baadaye mnyororo wa mifanano ya ASR walirudi nyuma miongo mitano, wakakuta baadhi ya mababu zake ni vifaa vilivyokwisha kuachwa kwa sababu havikufaa. 

Kasoro ya ASR ilikuwa kwenye kikombe. Kilikuwa na kina kifupi kuliko cha washindani wake, hivyo tufe lilikuwa na nafasi ndogo ya kutulia. Daktari akikiweka kikiwa kimeinuka kidogo tu kupita kiasi, uzito wote wa mwili uliangukia ukingoni badala ya katikati. Ute wa kiungo ulikosa nafasi ya kutanda kati ya nyuso mbili, na chuma kikaanza kukwangua chuma. Antoni Nargol na mwenzake David Langton, kaskazini mwa Uingereza, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutoa tahadhari. Waliwafungua wagonjwa waliorudi na maumivu ya kinena na kukuta maji ya kijivu, misuli iliyokufa na vipande vya nyama vilivyolainika. Daftari la Australia nalo lilionyesha mapema kwamba kifaa hicho kinatolewa mara nyingi kuliko vingine. Agosti 2010 kampuni ilikiondoa sokoni duniani kote. Kilikuwa kimekwisha kuwekwa kwa watu wapatao 93,000, na takwimu za England na Wales zilionyesha kwamba ndani ya miaka mitano karibu watu 13 katika kila 100 walioweka ASR yenye shina walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa marudio. Novemba 2013 kampuni ilikubali kulipa takriban dola bilioni 2.5 kumaliza kesi za maelfu ya Wamarekani. India, ambako wagonjwa wengi kutoka Afrika Mashariki huenda kutibiwa mifupa, ASR ilikuwa imewekwa kwa zaidi ya watu 4,000, na ilichukua hadi mwaka 2018 kwa serikali kuidhinisha utaratibu wa fidia.

Madhara ya chuma juu ya chuma yanaeleweka vizuri sasa. Ujazo wa metali inayopotea ni mdogo kweli, kama maabara zilivyosema, lakini chembe zake ni ndogo mno na idadi yake ni kubwa kupita ya plastiki. Udogo huo huzipa eneo kubwa la kuyeyukia, na metali iliyoyeyuka huingia damuni ikiwa ioni za kobalti na kromi. Karibu na nyonga, mwili wa baadhi ya watu huzipokea kama adui. Hujenga uvimbe uliojaa maji au nyama ngumu, usio saratani, ambao unaweza kubana mishipa ya fahamu na kuozesha misuli inayoinua mguu. Misuli hiyo ikishapotea, hata nyonga mpya haiwezi kuurudisha mwendo wa zamani, na ndiyo sababu madaktari huona kuchelewa kuwa hatari kuliko kuwahi. Jambo linalotatiza ni kwamba baadhi ya wenye uvimbe huo hawasikii maumivu yoyote mwanzoni.

Mbali na nyonga, kobalti ndiyo inayotisha. Mwili unaihitaji kwa kiasi kidogo sana, kwa kuwa ni sehemu ya vitamini B12, na kwa mtu wa kawaida damu huwa na chini ya mikrogramu moja katika lita. Kwamba ikizidi huua moyo lilijulikana tangu miaka ya 1960, pale wanywaji wa bia mjini Quebec, Kanada, walipoanza kufa kwa moyo kushindwa kazi. Kiwanda kilikuwa kimetia chumvi ya kobalti ili povu lidumu. Kwa wenye nyonga zinazolika vibaya, dalili zilizoripotiwa ni masikio kuvuma au kuziba, macho kufifia, ganzi miguuni, kusahau, tezi ya shingo kufanya kazi pungufu, na moyo kudhoofika. Stephen Tower, daktari wa mifupa wa Alaska, aliandika mwaka 2010 kuhusu wagonjwa wawili wa namna hiyo, mmoja wao akiwa yeye mwenyewe. Hali kali kiasi hicho ni adimu. Ila daktari wa moyo au wa macho asiyemuuliza mgonjwa kama ana nyonga bandia anaweza kuzunguka naye mwaka mzima bila kupata jibu.

Kisa cha Marburg, Ujerumani, kilichochapishwa mwaka 2014, kinaonyesha kwamba hata plastiki haitoshi kumlinda mtu pale kosa linapofanyika. Mwanamume wa miaka 55 alikuwa na nyonga ya seramiki iliyopasuka. Wakamwekea tufe la chuma juu ya plastiki. Vigae vidogo vya seramiki vilivyobaki ndani vilifanya kazi ya msasa na kulisaga lile tufe. Alifika kwa Profesa Jürgen Schäfer akiwa na homa, moyo uliochoka, karibu kipofu na kiziwi, na kobalti nyingi mno damuni. Schäfer, aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi wake kwa kutumia tamthilia ya televisheni ya Dk. House, alikumbuka kisa kama hicho katika kipindi kimoja, akaagiza nyonga ipigwe picha. Somo ambalo madaktari wamelichukua ni kwamba seramiki ikipasuka, kinachoifuata kisiwe tufe la chuma.

Baada ya ASR, mamlaka zilibadili msimamo. Uingereza ilielekeza wenye nyonga za chuma juu ya chuma wafuatiliwe, na ikaweka mikrogramu 7 za kobalti au kromi kwa lita moja ya damu kuwa kiwango kinachodai uchunguzi zaidi. Uchambuzi wa daftari la England na Wales uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kati ya wanawake wa miaka 60 waliowekewa tufe la chuma la milimita 46 juu ya chuma, wapatao 6.1 katika 100 walirudi kufanyiwa upasuaji ndani ya miaka mitano. Wenye tufe la milimita 28 juu ya plastiki walikuwa 1.6. Kwenye nyonga hizo zenye shina, tufe kubwa, lililosifiwa kwa kutoteguka, ndilo lililoshindwa zaidi. Wanawake waliumia kuliko wanaume, sababu moja ikiwa kwamba nyonga zao ni ndogo. Mwaka 2015 mtengenezaji wa nyonga ya Birmingham aliondoa saizi ndogo na kusema kifaa hicho hakiwafai wanawake. Mwaka 2016 Marekani iliweka sharti kwamba kila nyonga ya chuma juu ya chuma yenye shina ipitie idhini kamili, na hakuna iliyobaki sokoni. Kofia ya chuma bado huwekwa, hasa kwa wanaume wenye umri mdogo, mifupa mikubwa na figo nzima, maana figo ndizo zinazotoa kobalti mwilini. Kwa kundi hilo matokeo ni mazuri. Kwa wengine wote, hoja ya chuma juu ya chuma imekwisha.

Chuma juu ya plastiki, kwa upande wake, kimeendelea kuboreka. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 plastiki hupigwa mionzi ili nyuzi zake zifungamane, na hulika kidogo sana kuliko ile ya Charnley. Hata hapa chuma hakikosi lawama. Pale tufe la kobalti na kromi linapopachikwa juu ya shingo ya titani, metali mbili zisizofanana hukutana kwenye unyevu wenye chumvi, zikisuguana kidogo kila hatua, na kutu huweza kuanza. Baadhi ya wagonjwa wamepata uvimbe uleule wa chuma juu ya chuma ilhali nyonga zao ni za plastiki. Hii ndiyo sababu madaktari wengi sasa huchagua tufe la seramiki kwa kijana na kuacha chuma kwenye shina na kikombe, ingawa seramiki ni ghali zaidi.

Kuna kifaa kingine ambacho wauguzi wa wodi za mifupa wa kanda hii wanakifahamu: nusu nyonga iliyobuniwa na Austin Moore wa Marekani, shina na tufe la chuma vikiwa kipande kimoja, bila kikombe. Hutumika hasa kwa mzee aliyeanguka na kuvunjika shingo ya fupa la paja. Ni rahisi kuiweka, bei yake ni nafuu, na humwinua kitandani bibi ambaye angekufa kwa kichomi au vidonda vya mgongo. Tufe lake husugua gegedu la mgonjwa mwenyewe, na kwa mtu mwenye nguvu za kutembea sana gegedu hilo litakwisha na maumivu yatarudi. Kumwekea kijana kifaa hicho kwa sababu tu ndicho kilichopo ni kumpa tatizo jipya.

Hatari nyingine hazichagui aina ya nyuso. Maambukizi hutokea kwa takriban mtu mmoja katika kila 100, na ni mabaya kwa sababu bakteria wakishajijengea utando juu ya chuma, dawa haziwafikii. Mara nyingi kifaa hutolewa, mgonjwa hukaa wiki kadhaa bila nyonga, kisha huwekewa nyingine. Mwenye selimundu yuko kwenye hatari zaidi. Damu inaweza kuganda mguuni na kupanda hadi mapafuni. Mguu mmoja unaweza kuzidi mwingine urefu. Vipimo vya MRI vinaruhusiwa kwa vifaa vya sasa, ila chuma huipotosha picha, na titani huipotosha kidogo kuliko kobalti na kromi. Mpiga picha aambiwe mapema. Mashine za ukaguzi za uwanja wa ndege zinaweza kulia, na askari akaomba maelezo.

Kuteguka kunahitaji maelezo zaidi kwa sababu kunagusa maisha ya kila siku ya huku. Kwa wiki za mwanzo, mara nyingi 6 hadi 12, mgonjwa aliyepasuliwa kwa nyuma huambiwa asikunje nyonga kupita pembe mraba, asipishanishe miguu, wala asigeuze ncha ya mguu kuelekea ndani. Maagizo hayo yamebuniwa kwa watu wanaokaa kwenye viti virefu. Anayeketi mkekani, anayechuchumaa kwenye choo cha shimo, anayeinama kupalilia au kuosha vyombo chini, na anayesujudu katika sala tano za kila siku, kila mmoja anapita pembe mraba kabla ya saa nne asubuhi. Ni vyema familia iandae mapema kiti cha choo, kigoda kirefu na kitanda kilichoinuliwa kwa matofali. Muislamu anaweza kusali akiwa ameketi kitini, na dini inamruhusu. Mgonjwa asiulizwe tu ana umri gani; aulizwe pia anaishi vipi.

Upasuaji huu hufanyika katika Taasisi ya Tiba ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, na nchini Kenya katika hospitali kama za Kikuyu na Kijabe. Vifaa huagizwa kutoka nje, na bei ya kifaa mara nyingi ndiyo sehemu kubwa ya gharama ya upasuaji. Mgonjwa anayepewa bei ana haki ya kuuliza: tufe ni la nini na bitana ni ya nini, kampuni gani imekitengeneza, kifaa hicho kimekuwa sokoni kwa miaka mingapi, na madaftari ya nchi nyingine yanasema nini kukihusu. Kifaa kilichozoeleka chenye rekodi ya miaka 15 kinastahili kupewa nafasi mbele ya kipya kinachosifiwa na muuzaji. Kisa chote cha ASR kinaelekeza huko.

Kila boksi la nyonga bandia huja na lebo za kubandika zenye jina la kifaa, saizi na namba ya toleo, na daktari hubandika moja kwenye faili la mgonjwa. Mwaka 2010, wenye kumbukumbu hizo walijua upesi kama nyonga zao ni ASR. Waliopotelewa na faili walilazimika kupigwa eksirei na kusubiri mtaalamu abahatishe kwa umbo. Aliyewekewa nyonga aombe nakala ya lebo hizo kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, azipige picha kwa simu, amkabidhi nakala mtu wa familia, na arudi kliniki kwa eksirei kila anapoagizwa hata kama hasikii maumivu yoyote.